Giaboksi ya Sista Rebeccah

Kama ulizaliwa kati ya Kapkatet na Kabianga katika miaka ile ya kwanza ya Uhuru, muulize mama yako ni nani aliyekupokea. Akikuambia ni Sista Rebeccah, basi ujue ulipokewa na mikono miwili mizuri, mguu mmoja mzima, na gari lisilokuwa na klachi. Mimi Elmina, mke wa Ombati fundi wa magari, nina watoto watatu waliopita mikononi mwake. Wa kwanza, Mokeira, alikuja akitanguliza miguu, na bila Rebeccah tungezikwa sote wawili, mimi na yeye. Kwa hiyo nikimsifu mniache nimsifu, na nikimtania mniache pia, maana utani huo aliuanza yeye.

Rebeccah alikuwa binti wa Johana, Mkipsigis mrina asali wa upande wa Kapkatet. Alikuwa ndio kwanza anaanza kutembea homa ilipomshika, na ilipomwachia ilikuwa imeondoka na nguvu zote za mguu wake wa kushoto. Mguu ulibaki mwembamba, wa kuning'inia tu, mpaka watu wa misheni walipomfungia chuma kutoka gotini hadi kwenye kiatu. Majirani walimshauri Johana amwache mtoto nyumbani alinde kuku. Johana hakubishana nao. Alimpandisha mgongoni akampeleka shule, na kesho yake tena, na mwaka uliofuata tena. Walipomcheka kwamba anabeba msichana kama mzigo wa kuni, aliwaambia mzinga wenye asali ni mzito kuliko mtoto na yeye hajawahi kuuacha njiani. Hivyo Rebeccah akasoma, akaenda hospitali ya misheni kusomea ukunga, akarudi kwetu na kofia nyeupe kichwani na sauti ya kuamrisha wanaume.

Sauti hiyo aliihitaji. Mwanzoni alikuwa anapelekwa kwa akina mama kwa chochote kilichopatikana: punda, kiti cha nyuma cha baiskeli, lori la majani chai. Siku moja alipelekwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, na mtoto akazaliwa kabla ng'ombe hawajafika. Alinisimulia jambo hilo mara nyingi, na kila mara alikuwa anakasirika upya.

"Elmina," alikuwa ananiambia, "ng'ombe hajui kwamba mtu anangojwa."

Gari alilipata wakati Wazungu wengi walipokuwa wanafunga virago. Mke wa meneja mmoja wa shamba la chai, ambaye Rebeccah alimuuguza, alimwachia Zefa yake kubwa ya rangi ya krimu. Gari lilikuwa limeshazeeka hata siku hiyo, lakini gia zake zilikuwa zinajibadili zenyewe. Ukiketi ndani unakuta pedali mbili tu, ya mafuta na ya breki, na zote ni kazi ya mguu wa kulia; wa kushoto unapumzika.

"Hili gari lilitengenezwa kwa ajili yako," mama yule alimwambia, "ila waliolitengeneza hawakujua."

Nyang'au, dereva wa trekta shambani na mtu wa kwetu Kisii, ndiye aliyemfundisha kuendesha. Siku ya kwanza Sista aliingia moja kwa moja kwenye michai, wachumaji wakatupa vikapu na kukimbia. Siku ya pili alirudi pale pale, akawaomba radhi, akageuza gari bila kugusa hata jani. Baada ya hapo aliendesha kama mtu anayelipiza kisasi cha miaka yote aliyobebwa. Ukisikia honi yake kilimani ulijua kuna mwanamke anajifungua, na ulijua hatakuwa peke yake. Sisi wenye mimba tulikuwa tunalala vizuri zaidi kwa sababu ya honi hiyo.

Mambo yaliharibika mwaka wa sabini na moja, katika mvua za Aprili, na yaliharibiwa na wema.

Rebeccah alikuwa anatoka kuzalisha karibu na Kabianga. Njiani Zefa ilipanda jiwe, na jiwe likapasua sehemu ya chini ya giaboksi, lile bakuli linalokaa oili. Alisikia harufu, akaona mstari mwekundu wa oili barabarani nyuma yake, akazima injini na kuketi kungoja msaada. Hapo alifanya sawasawa kabisa. Taabu ni kwamba msaada ulifika.

Kwetu huku gari likikwama haliachwi. Ni desturi tuliyofundishwa na matope. Hakuna anayeuliza gari ni la nani. Watu wanasukuma, ng'ombe wanafungwa, na kukiwa na trekta gari linavutwa mpaka mlangoni kwa mwenyewe. Nyang'au alikuwa anapita akitoka kupeleka mbolea, na alipomwona mwanafunzi wake ameketi peke yake kwenye mvua, nusura alie.

"Sista, wewe keti tu ndani ushike sterini," akamwambia. "Mimi nitakuvuta mpaka kwa Ombati. Leo hata kiatu chako hakitaguza matope."

Akafunga mnyororo, akamvuta kutoka Kabianga hadi Kapkatet, safari nzima, magurudumu ya nyuma yakizunguka na giaboksi ikizunguka nayo bila tone la oili. Gari la gia za kawaida, lenye oili yake, lingefika salama. Hilo la Sista lilikuwa linajisaga njia nzima, na hakuna aliyejua, si Nyang'au, si Rebeccah, wala wale waliosimama kando ya barabara kumpungia mkono. Walipoingia gereji, harufu iliyotoka chini ya gari ilikuwa ya maharage yaliyoungua. Nyang'au alishuka akicheka, akingoja asante. Ombati aliinama, akanusa, akakaa chini pale pale kwenye matope.

Mume wangu alikuja nchi ya chai akiwa kijana wa kuosha malori. Akajifunza ufundi kwenye gereji ya shamba, na wakati huo alikuwa na gereji yake mwenyewe ya mabati nyuma ya maduka ya Kapkatet. Ni mtu mpole, na upole wake hunikasirisha. Aliifungua giaboksi kwa utaratibu wake, akapanga vipande juu ya gunia, na kila kipande alichokitoa kilikuwa cheusi kuliko kile kilichotangulia. Vingine vilikuwa vimeshikana kwa moto. Hakukuwa na cha kutengeneza humo. Ilibidi ipatikane giaboksi nyingine.

Kesho yake alitujia akitabasamu.

"Sista, usihuzunike. Nitakuwekea giaboksi ya kawaida. Kericho ziko nyingi. Gari litakuwa na nguvu kuliko zamani!"

Watu waliokuwepo walipiga makofi. Rebeccah hakupiga. Alitazama tu kiatu chake cha kushoto.

"Baba Mokeira," nikamwambia, "na mguu wa kukanyaga klachi utauagiza Kericho pia?"

Makofi yakaisha. Ombati alifunika uso kwa mikono iliyojaa grisi, na alishinda na uso mweusi mpaka jioni bila mtu kumwambia.

Wiki hiyo hiyo mkubwa wa afya alikuja kutoka mjini. Hakuwa mtu mbaya. Alimweleza Rebeccah kwamba mkunga wa barabarani asiye na gari ni mkunga wa wodini, na hana gari lingine la kumpa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kama Zefa ilikuwa bado imelala, Land Rover ingekuja asubuhi kuchukua vitu vyake ahamie hospitali ya mjini, awe anapokea watoto wa wanaoweza kufika.

"Na wasioweza kufika?" Rebeccah aliuliza.

Bwana yule alitazama kando, akapanda gari lake.

Nilimkuta jioni chumbani mwake ameketi juu ya sanduku. Sijawahi kumwona akilia, na hata siku hiyo hakulia, lakini sauti ya kuamrisha haikuwepo.

"Baba yangu alinibeba ili siku moja niende mwenyewe," akaniambia. "Nimeenda miaka hii yote. Sasa nitakaa mahali pamoja, Elmina, nikingoja watu waletwe kwangu. Wewe Mokeira ungemleta mjini saa ngapi?"

Nilirudi nyumbani nikamwambia Ombati kwamba asipopata giaboksi ya gari lile, chakula ajipikie.

Akatafuta. Aliuliza Kericho, akauliza Nakuru, akawatuma makondakta wa mabasi kila upande. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wanasema, lakini sharti upate koleo jingine, na magari ya aina ile hayakuwa mengi hata siku zake za ujana. Mwishowe kondakta mmoja akaleta habari. Chebunyo, kule chini kwenye joto na ng'ombe wengi, kulikuwa na kogo mmoja, ndivyo Wakipsigis wanavyomwita bibi, aliyekuwa anafuga kuku ndani ya Zefa.

Tulikwenda Jumapili, mimi, Ombati na Nyang'au, kwa trekta lenye trela ambalo Nyang'au aliliombea ruhusa. Masikini yule tangu siku ya mnyororo alikuwa hali akashiba. Sisi ni Wasabato, Jumamosi hatugusi spana. Na siku za katikati trekta lilikuwa la shamba. Tulijua vizuri kwamba Wakipsigis wengi husali Jumapili, lakini hatukuwa na siku nyingine ya kuazima.

Kogo Tecla alikuwa ndiyo kwanza ametoka kanisani, bado amefunga kitambaa chake cheupe. Zefa ilikuwa nyuma ya nyumba chini ya mgunga, bila magurudumu, kuku wakiingia na kutoka madirishani. Mwanawe Kipkemboi alikuwa ameing'oa injini kuendeshea mashine ya kusaga mahindi. Giaboksi haikumfaa kitu, akaiacha mahali pake pamoja na kile chungu cha chuma kinachoiunganisha na injini. Ombati aliingia chini kwa tumbo. Alipotoka alikuwa na mavi ya kuku kwenye nywele, na macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Kogo, tuuzie," akasema.

"Leo?" Kogo alishangaa. "Leo ni siku ya Mungu. Mimi hapana uza kitu leo. Kuja kesho."

"Kesho trekta iko kazini, Kogo."

"Basi kuja Jumamosi."

"Jumamosi sisi tunasali."

Kogo alitutazama mmoja mmoja, akitafuta kati yetu mwenye akili ni nani. "Nyinyi na sisi," akasema, "tumepatia Mungu siku mbili, na bado kazi hapana isha."

Kisha akauliza giaboksi ni ya kufanyia nini. Nikamweleza, na Kipkemboi akamtafsiria pale Kiswahili changu kilipomzidi. Nilipofika kwa sista mwenye chuma mguuni, alininyamazisha kwa mkono.

"Binti ya Johana? Huyo alikuja hapa wakati wa mvua kubwa. Mke ya Kipkemboi alikuwa karibu kufa." Akatazama kuku wake. "Kuuza, hapana. Ni Jumapili. Lakini kupatia mtu, hiyo siku yote ni sawa. Chukua."

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nililia waziwazi pale uwanjani kwake, na sioni haya kulisema.

Sharti lake lilikuwa moja tu. Kulikuwa na kuku aliyeatamia mayai kwenye sakafu ya gari, hapo hapo juu ya giaboksi, naye asisumbuliwe. Ombati alifungua bolti zote kutoka chini huku kuku akimgombeza kutoka juu. Kipkemboi hakuweza kushika spana siku yake ya kusali, lakini hakuna sheria inayomkataza mtu kuchuchumaa na kuonyesha kwa kidole, na alionyesha sana. Giaboksi ilipotua kwenye trela, Kogo alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kulala yenye majivu, akapiga funda akayatemea juu ya chuma kukibariki, jinsi wazee wao wanavyombariki mtu anayeanza safari. Ombati aliruka akafunika tundu la giaboksi kwa kofia yake, maana oili na maziwa havipatani. Kogo alidhani anaomba baraka zaidi, akaitemea na kofia pia.

Tuliporudi, Ombati alikaa na giaboksi ile kama mtu anayekaa na mgonjwa. Aliiosha kwa petroli, akaikagua kila jino, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ilibaki mipira ya kuzuia oili isivuje, na hiyo ilichelewa kutoka Nairobi. Ilipofika ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya Land Rover.

Gereji yetu haikuwa na mashine ya kunyanyulia. Ombati alikuwa amechimba shimo refu, akailaza Zefa juu yake kwenye mbao. Giaboksi ilishushwa shimoni na kufungwa kamba. Kamba ikapitishwa kwenye tundu la sakafu ya gari hadi juu ya gogo la mkalitusi lililolazwa kutoka mlango mmoja wa gari hadi wa pili. Wanaume wangevuta polepole, naye Ombati, akiwa chini, angeielekeza mahali pake. Ni kazi ya watu wengi, na watu walikuja. Majirani Wakipsigis walikuja kama wanavyokwenda kulimiana wao kwa wao, bila kuitwa mara mbili. Watu wetu wa Kisii walikuja kutoka nyumba za wafanyakazi shambani. Na aliyeshika kamba mbele ya wote alikuwa Mzee Omwenga, mzee wa kanisa letu.

Huyo niwaeleze. Hakuna aliyekuwa mkali kwa habari ya Sabato kama yeye. Sabato yetu huingia Ijumaa jua likizama, na jua likianza tu kuinama alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na saa yake ya mfukoni. Kuna siku aliiepua sufuria yangu motoni kwa mikono yake mwenyewe, tukala maharage mabichi mimi na watoto, na kwa muda mrefu sikumsalimu ila kwa kichwa. Siku hiyo alikuja kwa kuwa ana kifua cha kuvuta kamba, na kwa kuwa wajukuu wake nao walipokewa na Rebeccah.

Tulianza mchana, na mvua nayo ikaanza, ya mawe, kama kawaida yake. Shimo likajaa maji. Wanawake tukashika ndoo, tunachota na kumwaga, huku Ombati amesimama kwenye tope hadi magotini akiita, "Juu kidogo! Shusha! Juu!" Giaboksi ilipanda, ikakataa kuingia, ikashushwa, ikapanda tena. Matundu hayakukutana. Rebeccah alikuwa ameketi nyuma ya usukani tangu mwanzo, tayari kuwasha akiambiwa. Tulimsihi akajikinge dukani, akatutazama tu.

Hatimaye Ombati akapiga ukelele wa furaha. Matundu yamekutana! Akatia bolti ya kwanza kwa vidole. Wakati huo huo Mzee Omwenga, kamba mikononi, aligeuza uso kuelekea magharibi. Mawingu yalikuwa yamepasuka kidogo juu ya milima ya Kisii, na jua lilikuwa limebaki kipande.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "jua."

Chini ya gari vidole vikaacha bolti. Namjua mume wangu. Hajawahi kugusa kazi siku ya Sabato tangu abatizwe, na hangeweza kusema kwamba hapa kuna mtu anayekufa. Hakuna aliyekuwa anakufa. Palikuwa na gari bovu tu, na mwanamke ambaye kesho asubuhi angepakiwa pamoja na sanduku lake. Wakipsigis waliokuwepo wangeweza kufanya kazi Jumamosi kutwa, lakini hapakuwa na hata mmoja aliyejua giaboksi ile inafungwaje.

Rebeccah alielewa kabla yetu. "Mwacheni Ombati," akasema bila kugeuka. "Asivunje ahadi yake kwa Mungu kwa ajili yangu. Mmefanya vya kutosha. Asanteni." Akainua mguu wake wa chuma kwa mikono miwili, ili ashuke.

Mimi nilikuwa na ndoo iliyojaa tope, na nilitafuta mtu wa kumwagia. Nilimchagua Mzee Omwenga.

"Sista, keti," akasema Mzee Omwenga. "Sabato hufunguliwa kwa sala, na sala mimi bado sijaanza." Akatupitishia macho sote, na ndoo yangu akaiona. "Vueni kofia. Mikono yangu ina kamba, nitasali hivi hivi. Fundi, wewe uko chini huko, sikuoni." Akafumba macho.

Alianza na giza la siku ya kwanza ya uumbaji. Alimshukuru Mungu kwa giza lililokuwepo kabla ya kitu chochote, kisha kwa nuru, na kwenye nuru akakawia sana. Chini ya gari spana ikaanza kulia. Siku ya pili alishukuru kwa maji ya juu na maji ya chini, na yale ya shimoni pia, kwamba hayajafika kiunoni mwa mtu. Siku ya tatu alitaja mimea: chai, mahindi, wimbi, viazi, majani ya ng'ombe. Wakipsigis walikuwa wanaitikia kwa lugha yao, vichwa chini, mvua ikiwapiga shingoni. Siku ya nne, ile ya jua, aliiruka. Siku ya tano alitaja samaki mmoja mmoja, na sisi watu wa milimani samaki tunaowajua ni wawili. Sijui wengine aliwatoa wapi.

Bolti ya mwisho ikakazwa. Kamba ikalegea, lakini Mzee Omwenga hakuiachia. Nikapewa mkebe wa oili nyekundu na faneli, nikamimina, na oili ile haina haraka. Machozi yalikuwa yananidondoka, nikageuza uso yasiingie humo. Mzee yule niliyemnunia muda wote ule, siku hiyo nilimpenda kama baba yangu mzazi.

Siku ya sita aliikalia. Alishukuru kwa wanyama, wanaofugwa na wasiofugwa, kisha kwa mwanadamu, na kutoka kwa Adamu akashuka mpaka kwa kila mtu aliyesimama uwanjani, kwa jina lake. Alimshukuru Mungu kwa Nyang'au, mtu mwenye moyo mkubwa kuliko trekta lake, na Nyang'au akasema "Amina" akiwa analia. Alishukuru kwa Rebeccah, na kwa kila mtoto aliyepita mikononi mwake, na hapo wanawake wote tulisema "Amina" bila kupangana. Jua sikulitazama. Nadhani hakuna aliyelitazama.

Ombati akatambaa kutoka shimoni, matope mwili mzima. Wanaume wakaliondoa gogo kimyakimya na kuivuta kamba kutoka kwenye gari, ncha yake ikabaki mikononi mwa anayesali. Ombati akagonga boneti mara moja. Rebeccah akawasha. Injini ikakohoa, ikashika. Akavuta mkono wa gia, na gari halikwenda popote. Lilinguruma tu. Nilimwona Ombati akifumba macho kwa mara ya kwanza tangu sala ianze. Mzee Omwenga akarudi kuwashukuria mbuzi, ambao alikuwa amewasahau.

Kisha Zefa ikashtuka, ikasogea. Ikapita juu ya mbao, ikatoka uwanjani, Rebeccah amenyooka kitini, akashika barabara na kuanza kupanda kilima. Tulisimama tukisikiliza. Huko juu tukasikia gia ikijibadili yenyewe, taratibu, na baadaye kidogo ikajibadili tena.

"Na siku ya saba, Baba," akasema Mzee Omwenga, sauti imemkauka, "ulipumzika. Nasi tunapumzika. Amina."